Kabla Hujafika Tunduma: Kula Vizuri Ukiwa Safari ya Kikazi Nje ya Nchi

Mwaka nilioanza kazi ya ukaguzi wa ubora wa parachichi nilivuka mpaka mara saba. Gauni la kitenge alilonishonea fundi wa Mwanjelwa mwezi Januari likagoma kufunga zipu ilipofika Agosti. Fundi aliligeuza nje ndani, akapima mshono, akaniambia taratibu, "Dada, kitambaa hakijapungua." Nikajifanya sijasikia.

Mwanzoni nililaumu vyakula vya ugenini. Baadaye nikakaa na daftari, nikakumbuka safari moja moja, nikaona kwamba huko nilikokuwa nikienda nilikula vizuri tu: ugali, mboga, samaki. Kilichonimaliza ni saa za kusubiri. Foleni ya malori, mteja aliyesema atafika saa nne akafika saa nane, ndege iliyochelewa. Mtu aliyekaa na njaa saa tano hachagui chakula, anaokota kilicho karibu, na kilicho karibu mara zote ni chipsi, keki na soda.

Basi mwongozo huu ni wa sisi wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa ambao kazi inatupeleka Nakonde au Lusaka kule Zambia, Karonga au Lilongwe kule Malawi, na mara mojamoja mbali zaidi.

Hatua ya kwanza: andika saa, usiandike menyu

Usiku wa kabla ya safari chukua karatasi, andika utakuwa wapi saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, saa mbili usiku. Usiandike utakula nini. Andika wapi tu. Halafu zungushia saa ambazo hutakuwa na chakula cha maana karibu. Hizo ndizo saa za kufungashia, nyingine ziache zijiendee.

Kwa anayekwenda Lusaka kwa gari, duara la kwanza liko Tunduma, mpakani na Zambia. Kutoka Mbeya mjini mpaka pale ni kilomita 100 na kidogo, unapita Mbalizi, Mlowo na Vwawa, na ukiwahi kuondoka unafika bado umeshiba. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kianze kazi mwaka 2019, abiria wa kawaida hupita haraka. Lakini kama unaongozana na mzigo, au karatasi moja ya gari ina herufi iliyokosewa, siku yako yote iko pale. Duara la pili ni ng'ambo: toka Nakonde mpaka Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000, na kati ya mji na mji, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, kuna pori refu.

Kuna na mtego wa saa. Zambia na Malawi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka saa saba mchana, ng'ambo ni saa sita, na wenyeji wako hawajafikiria chakula cha mchana. Jioni wakikualika mezani saa mbili usiku, tumbo lako linahesabu saa tatu, na hapo katikati umeshamaliza paketi mbili za biskuti. Siku ya kwanza kula kitu kidogo saa kumi za huko, hata kama hujisikii njaa. Siku ya pili mwili umeshazoea.

Hatua ya pili: fungasha, lakini kwa kipimo

Kosa la wengi ni kufungasha kama wanakwenda msibani. Ndoo ya chapati, kuku mzima, hotipoti la wali. Nilifanya hivyo safari ya Karonga. Nilipika wali wa Kyela alfajiri, Uyole kukiwa na baridi ya kuvaa sweta mbili, nikaufunika ungali na mvuke. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Kyela na Karonga ziko kwenye mita 500. Ukiteremka kutoka Tukuyu unaanza kuvua sweta moja baada ya nyingine, na hotipoti nalo linapata joto lake. Saa nane mchana nilifungua mfuniko, ule wali ulikuwa unavutika kama mlenda. Nikaona haya kuumwaga mbele ya wenzangu, nikala. Usiku ule sitausimulia.

Wali uliopikwa usikae kwenye uvuguvugu zaidi ya saa mbili. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, zinaamka wali ukiwa vuguvugu na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo kwa safari ndefu chagua vitu vikavu, au vyenye ganda lake.

Mimi nabeba hivi: karanga zilizokaangwa bila mafuta, kiganja kimoja kwa kila duara nililochora, kila kiganja kwenye mfuko wake. Ukiziweka zote kwenye mfuko mmoja utazimaliza kabla ya Mlowo, na gramu 100 za karanga zina kilokalori 570 hivi, karibu na mlo mzima. Mayai mawili ya kuchemsha, yakiwa na maganda yake, nayala kabla ya Vwawa. Ndizi mbivu tatu. Viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi, navyo vya kuliwa mapema. Karoti zilizooshwa, maana karoti za huku kwetu ni tamu kuliko biskuti na hazijali kubanwa kwenye begi. Chupa ya chai yenye uji wa ulezi wa moto kweli kweli, siyo vuguvugu. Na parachichi moja, ambayo ina masharti yake nitakayoyasema sasa hivi.

Kisu kidogo, kijiko, na kitambaa. Basi.

Hatua ya tatu: jua kipi kinavuka na kipi hakivuki

Mimi ni mtu wa mazao, kwa hiyo hapa nivumilieni. Tunda au mboga mbichi inaweza kubeba wadudu na magonjwa ya mimea, ndiyo maana nchi nyingi zinataka kibali au cheti cha usafi wa mimea hata kwa kiasi kidogo. Na masharti hubadilika usiku mmoja. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa siku chache, baada ya nchi hizo kuzuia ya kwetu, na walioumia kwanza ni watu wenye mizigo iliyokwisha pakiwa. Kwa hiyo maliza ndizi na karoti zako kabla ya geti, na parachichi pia. Kaa pembeni pale Tunduma, ipasue, nyunyiza chumvi kidogo, kula, tupa kokwa upande wetu.

Ukienda Ulaya mambo ni makali zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria anayetoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa au vitu vilivyotengenezwa navyo. Matunda na mboga mbichi zinahitaji cheti, isipokuwa matano tu: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Ndiyo, ndizi za Tukuyu zinaruhusiwa na parachichi za Rungwe haziruhusiwi mkononi mwako, hata kama umekwenda huko kuziuza.

Ndani ya ndege, siagi ya karanga na asali vinahesabiwa kama kimiminika. Kopo la zaidi ya mililita 100 litabaki kwenye meza ya ukaguzi, na utaliangalia likitupwa kwenye pipa. Karanga kavu hazina ugomvi na mtu. Mlo maalumu wa ndege, usio na nyama au wa wenye kisukari, mashirika mengi wanataka uagizwe angalau saa 24 kabla, na kawaida hauongezewi bei.

Hatua ya nne: mezani kwa majirani, tafuta unachokijua kwa jina jipya

Hapa ndipo pana raha. Ukiacha chipsi za kituo cha mafuta, chakula cha Zambia na Malawi ni cha nyumbani kabisa. Ugali ni nshima kwa Wazambia, nsima kwa Wamalawi. Dagaa wa Zambia ni kapenta. Usipa wa Ziwa Nyasa ni uleule unaouzwa Matema na Karonga, na perege wa ziwa hilo anaitwa chambo. Kuna mboga ya majani iliyopikwa na karanga za kusaga, Wabemba wanaiita ifisashi. Ukiikuta iagize bila kuuliza, mlo wenye ifisashi, kapenta na nshima umekamilika. Angalia chumvi tu, maana kapenta wakavu wengi wametiwa chumvi kabla hujawatia ya kwako, na Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa milo yote.

Tatizo ni kiasi. Kule nshima haiji kama mlima mmoja. Inachotwa kwa mwiko uliolowekwa maji, inawekwa sahani vipande vipande, laini, vinateleza. Mara ya kwanza Nakonde, mama aliyekuwa anapakua alisimama na mwiko hewani akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Mayo, tatu au mbili?" Mayo ni mama kwa Kibemba. Nikasema tatu, kwa kuwa nilikuwa na njaa ya foleni na kwa kuwa sikujua tatu ni kiasi gani. Nilimaliza zote kwa aibu ya kubakiza. Siku hizi nasema, "Mbili mama, ila mboga nipe kama za watu wawili." Hucheka, lakini hunipa, na sijawahi kudaiwa nyongeza kubwa kwa majani.

Jambo hilo la mboga mara mbili ndilo kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu. Kiwango kinachopendekezwa ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kwa mtu aliye safarini zile za mchana ndizo za uhakika. Jioni utaletewa nyama.

Uliza pia unga. Sisi tuna sembe na dona, wao Zambia wana unga laini wanaouita brekifasti, uliokobolewa sana, na rola uliokobolewa kidogo. Dona yenyewe kule na Malawi ni mgaiwa. Migahawa mingi inapika ule mweupe, lakini kwa mama lishe wa sokoni ukiulizia mgaiwa unaweza kubahatika.

Madereva wetu wanaoshusha mzigo Lubumbashi wanasema huko nako ni nyumbani: ugali unaitwa bukari, kisamvu ni sombe, na Kiswahili kinakubeba, ingawa watakucheka.

Kitu kimoja nitakisema kwa kuwa kinatuhusu. Zambia watakukaribisha chikanda, kinakatwa vipande kama keki, kina karanga na pilipili, na kwa ladha hakina ubaya. Kinatengenezwa kwa viazi vya okidi za porini, na nyingi zimechimbwa kwetu, Makete na pembezoni mwa Kitulo, zikavushwa Tunduma kwenye viroba. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na kuyalinda maua hayo ilikuwa moja ya sababu kubwa. Mimi hukataa kwa heshima, nasema nimeshiba. Wewe utaamua.

Njiani, kati ya Mpika na Serenje, watoto wanauza matunda kwenye mabeseni. Kuanzia Oktoba utaona masuku, haya tunayoyaita makusu. Nunua yenye ganda zima, osha kwa maji yako, kula. Ni vitafunwa bora kuliko chochote kilicho kwenye rafu ya kituo cha mafuta.

Hatua ya tano: hotelini na kwenye semina

Bufee ya asubuhi ina kanuni moja: zunguka meza nzima mikono mitupu kwanza. Ukishika sahani kabla hujaona mwisho wa meza, itajaa soseji na mandazi kabla hujafika kwenye matunda. Mayai, maharage kama yapo, matunda, kipande cha mkate. Maharage ya asubuhi yatakufikisha saa saba bila kuhangaika.

Semina zina ugonjwa wao, nao ni mapumziko ya chai. Saa nne sambusa, keki na chai yenye sukari. Saa saba mlo kamili. Saa kumi tena keki. Wala huna njaa, unakula kwa kuwa kila mtu amesimama pale na ndipo mazungumzo ya biashara yalipo. Simama nao, shika kikombe cha chai isiyo na sukari mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Mtu mwenye mikono miwili iliyojaa hashiki sambusa. Nimeijaribu, inafanya kazi, ila daftari langu lina madoa.

Chumbani kukiwa na jagi la umeme la kuchemshia maji, uji wa oti unaiva vizuri kwenye kikombe ukimimina maji yanayochemka na kufunika. Usijaribu maharage. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayohitaji kuchemka kweli kweli dakika kumi na zaidi, na jagi linajizima lenyewe likishachemka. Usijaribu mayai pia, kama unamheshimu atakayetumia jagi hilo baada yako.

Na posho. Najua tunachokifanya na posho, nami nina bati juu ya paa zilizotoka Lilongwe. Lakini kushindia mkate na soda siku tano ili urudi na akiba ni hesabu mbovu: siku ya tatu unaanza kununua vitafunwa kila saa, na jioni unakula mlo wa bei kubwa kwa hasira. Tenga mlo mmoja wa maana kwa siku, wa mchana, ulipie bila kusononeka, halafu asubuhi na jioni bana unavyoweza.

Ukienda mbali: mfano wa Berlin

Kila Februari Berlin kuna maonyesho makubwa ya biashara ya matunda, Fruit Logistica, na sisi wa parachichi tunakwenda. Baridi yake ni nyingine, Mbeya ya Juni ni cha mtoto. Wajerumani wako nyuma yetu kwa saa mbili kipindi hicho, kwa hiyo saa tisa alfajiri unaamka na njaa ya asubuhi na hakuna kilicho wazi. Weka ndizi na karanga kando ya kitanda, kula, lala tena.

Nililofundishwa na njaa ni hili: Jumapili maduka yao yanafungwa. Siyo baadhi, karibu yote, isipokuwa ya kwenye stesheni kubwa za treni na machache mengine. Nilifika Jumamosi usiku, nikapumzika, Jumapili nikatoka na mfuko wangu kutafuta matunda, mtaa mzima kimya kama siku ya mazishi. Nikala chipsi na soseji kwa mchuuzi wa barabarani mchana na usiku. Ukifika Jumamosi, pitia dukani kabla ya hoteli.

Maji ya bomba Ujerumani yananywewa, usinunue chupa kila saa. Ukinunua, usiitupe: chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani. Mkate wao mweusi wa ngano nyekundu (rye) ni mzito na mchachu kidogo, mara ya kwanza utadhani umeharibika, lakini vipande viwili na yai vinashika tumbo kama ugali wa dona. Na maharage ya makopo yapo kila duka, yameshaiva, yasuuze kwa maji kupunguza chumvi.

Vinywaji, kwa kifupi

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, vijiko vya chai vinane au tisa. Mbili njiani na moja mezani, umeshakula sukari ya siku mbili na zaidi. Beba maji yako kutoka nyumbani mpaka mpakani, na ukiteremka Kyela na Karonga ongeza, maana mtu wa baridi hukumbuka maji akishaumwa kichwa. Ukiyatilia shaka maji, yachemshe mpaka yatokote dakika moja nzima. Maeneo ya juu sana, zaidi ya mita 2,000, yaache dakika tatu. Bia ya jioni na wateja iwe baada ya chakula, kamwe isiwe kabla.

Kama unatumia dawa

Mwenye kisukari au shinikizo la damu aongee na kliniki yake kabla ya safari, hasa kama saa zinabadilika sana. Insulini na vidonge vikae kwenye begi la mkononi, na barua ya daktari. Sehemu ya chini ya ndege insulini inaweza kuganda, na ikishaganda haifai. Beba pia kitu kitamu cha dharura, na hicho usikile kwa njaa ya kawaida.

Siku ya kurudi

Hii wengi wanaisahau. Unarudi umechoka, unajiambia umeshafika, na pale Tunduma unaagiza chipsi mayai ya mwisho. Ukivuka kuja kwetu saa inaruka mbele: saa kumi ya Nakonde ni saa kumi na moja Tunduma, na jioni inakuwahi ukiwa na njaa usiyoitegemea. Bakiza mfuko mmoja wa karanga kwa ajili ya hapo.

Halafu ukivuka tu, laini yako ya nyumbani ikishika mtandao, piga simu. Mimi humpigia binti yangu, "Mama, loweka maharage," naye hunijibu ameshayaloweka tangu asubuhi. Nikifika Vwawa napiga tena: yabandike jikoni. Kutoka hapo mpaka Uyole, ukiwa na malori ya kupishana nayo kwenye kona za Mbalizi, ni muda uleule yanaoutaka kuiva.